Taa Nyekundu ya Breki

Sisi watu wa Mnyuzi ni watu wa reli. Hapa ndipo njia itokayo Ruvu ilipounganishwa na ile ya Tanga mwaka 1963, na wazee wetu wengi walilijua neno breki kabla hawajamiliki hata baiskeli. Nasi vijana twaambiwa habari za Igandu, Mkoa wa Dodoma, ambako tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyopata hitilafu ya breki ilirudi nyuma mteremkoni ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Leo nataka kueleza habari za breki, ila si za treni. Ni za magari madogo yatuchukuayo kila siku.

Jambo lenyewe lilianza likizo iliyopita. Mjomba wangu ana gari lililotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, naye hupakia abiria kutoka Mombo mpaka Lushoto. Barabara ile ina zaidi ya kilometa 30, yapanda mlima kwa kona nyingi, na ushukapo, upande mmoja ni mwamba na wa pili ni bonde. Siku moja nilikaa mbele karibu naye, nikaona taa nyekundu inawaka.

"Samahani, mjomba, taa hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ya breki, mpwa wangu. Mafuta yakipungua huwaka. Kila wiki mbili fundi huongeza, ikazimika."

"Na yale yaliyopungua huenda wapi?"

Mjomba akanyamaza mpaka tukafika Mombo.

Ili tuone maana ya swali lile, na tukumbuke somo la fizikia. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi karne ya 17, alionyesha kwamba ukisukuma kimiminiko kilichofungiwa, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Dereva akanyagapo pedali, husukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Mafuta ya breki hupita katika vipaipu mpaka kwenye magurudumu, yakasukuma pistoni kubwa zaidi, nazo zikabana pedi juu ya diski. Tuseme pistoni ya masta silinda ina eneo la sentimita za mraba 3, nayo yasukumwa kwa nguvu ya nyutoni 600. Kila sentimita moja ya mraba yapata nyutoni 200. Ikiwa pistoni ya gurudumu ina eneo la sentimita za mraba 20, itasukumwa kwa nyutoni 4,000. Ndivyo mguu wa mtu mmoja uwezavyo kusimamisha gari lenye watu saba.

Lakini kazi hiyo yote yategemea raba ndogo zilizovishwa pistoni ya masta silinda. Raba ikiharibika, mafuta huvuja, na hewa yaweza kuingia mahali pake. Hewa hushindilika, mafuta hayashindiliki; basi pedali huwa laini na kushuka mpaka chini, na gari haliko tayari kusimama. Tena mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Hupungua kidogo kidogo kadiri pedi zilikavyo, lakini yakipungua kila wiki mbili, yanavuja.

Kosa la raba hiyo liliwahi kukisumbua hata kiwanda kikubwa. Oktoba 2010 kampuni ya Toyota iliyaita magari mengi yarudi kutengenezwa. Marekani peke yake yalikuwa karibu 740,000. Miongoni mwao ilikuwamo Lexus RX 330, gari ambalo hapa kwetu tunalijua zaidi kwa jina la Harrier. Ilionekana kwamba yakitiwa mafuta ya breki yasiyo na viungo fulani vya kulainisha, raba ya masta silinda yaweza kukauka na kujikunja, mafuta yakavuja pole pole mpaka taa ikawaka. Wenye magari walibadilishiwa raba bila malipo.

Mwito wa namna hii humfikia mwenye gari kwa barua, kwa jina na anwani aliyoandikishwa. Sasa, gari likiuzwa, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam, kisha likauzwa tena Korogwe, barua hiyo itamfikia nani? Itafika mlangoni pa mtu asiyekuwa nalo tena. Huku kwetu anayeliendesha hana habari, na abiria wake hawana habari. Kwa hiyo yampasa mwenye gari la mkononi aitafute habari hiyo yeye mwenyewe: achukue namba ya chesisi, aiulize kwa wakala wa kiwanda au aitafute katika intaneti.

Nilimwomba mjomba aliegeshe gari mpaka litazamwe. Haikuwa rahisi kusema hivyo, maana mapato ya gari lile ndiyo yaninunuliayo madaftari na nauli ya kurudi shuleni. Alinuna, lakini alikubali. Tuliangalia namba ya chesisi, tukaona gari halimo katika mwito wowote. Hata hivyo, fundi mwingine alipofungua masta silinda alikuta raba imechakaa na nyuma yake kumelowa. Matengenezo yalichukua siku mbili. Tangu siku hiyo taa haijawaka tena njiani.

Wazee wetu husema, dalili ya mvua ni mawingu. Basi wazazi na walimu wenye magari, nanyi wenzangu mpandao magari ya watu, yashikeni haya. Ufunguo ukiwashwa, taa ya breki huwaka kidogo kisha huzimika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imekufa au imetolewa. Ikibaki inawaka hali breki ya mkono imeshushwa, gari litazamwe kabla ya safari. Mafuta yatiwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na fundi akiongeza, aulizwe yale ya kwanza yamekwenda wapi.

Mjomba aliniambia kuwa sasa humwuliza fundi swali hilo yeye mwenyewe.