Bahashishi ya Meneja na Hatari ya Benki

Wengi hudhani ya kuwa mkubwa wa benki akilipwa sehemu ya faida, ataitunza benki kama mali yake mwenyewe. Na tupige hesabu tuone.

Benki ina mtaji wa shilingi 100. Imekopa kwa watu shilingi 2,900, na zote 3,000 imenunulia mali. Meneja, juu ya mshahara wake, hupewa bahashishi ya sehemu moja katika kumi ya faida ya mwaka. Mali ikipanda bei kwa 4 katika mia, faida ni 120 (riba tuiache kwanza), naye hupata 12. Ikishuka kwa 4 katika mia, hasara ni 120: mtaji wote umekwisha, na shilingi 20 zimewapotea waliokopesha. Je, meneja atatoa 12 mfukoni mwake? Hatoi hata senti. Hukosa bahashishi ya mwaka huo tu, na zile za nyuma hazidaiwi. Tena kadiri benki inavyokopa zaidi, ndivyo bahashishi ya mwaka mwema inavyonona.

Hesabu hii haikutungwa ovyo. Lehman Brothers ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1850, mwishoni mwa 2007 ilikuwa na mali ipatayo mara 30 ya mtaji wake, na ndani yake mikopo mingi ya nyumba na majengo. Bei za nyumba zikaanguka, nayo ikafilisika tarehe 15 Septemba 2008. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walipochunguza, walikuta ya kuwa tangu 2000 hadi 2008 wakubwa wake watano walikwisha pokea kama dola milioni 1,000, kwa bahashishi za fedha taslimu na kwa kuuza hisa.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mkuu wao, Richard Fuld, alikuwa bado na hisa nyingi mno, nazo zikawa karatasi tupu. Basi kulipa kwa hisa si dawa peke yake, maana mwenye hisa naye hunufaika na fedha za kukopa, na hasara ikipita mtaji haimpati yeye.

Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliweka mpaka: bahashishi isizidi mshahara wa mwaka, au mara mbili yake wenye hisa wakikubali. Benki nyingi zikapandisha mishahara, nayo haipungui mwaka ukiwa mbaya. Uingereza iliufuta mpaka huo mwaka 2023. Kwangu mimi iliyo bora ni kanuni nyingine ya huko huko: sehemu ya bahashishi hucheleweshwa miaka kadhaa, mpaka ijulikane kama mikopo iliyoizaa imelipwa au la.