Wape Rumonge Kikundi Chao, Si Mtandao Mzima

Kijitabu hiki ni cha mafundi wa kompyuta na wakuu wa ofisi zenye makao makuu Bujumbura na matawi kando ya ziwa, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac.

Mfanyakazi mpya ameripoti Rumonge. Anahitaji faili za tawi na printa, na fundi yuko Bujumbura, simu haishiki. Njia ya mkato tunaijua sote: karani wa tawi anatajiwa nywila ya msimamizi mkuu. Tangu saa hiyo anaweza kufuta akaunti ya mkurugenzi au kuchungulia mishahara, na kumbukumbu za seva zitamtaja fundi.

Active Directory, saraka ya Microsoft iliyokuja na Windows 2000, inaruhusu kutoa kidogo. Tengeneza kikundi cha tawi, kisha toa haki moja tu: kubadili orodha ya wanachama wake. Karani ataingiza watu na kuwatoa. Hatagusa nywila zao wala kufungua akaunti mpya. Kumwandika kuwa meneja wa kikundi hakutoshi. Tia alama pia kwenye kisanduku kinachomruhusu kubadili orodha. Wengi hukisahau, kisha wanailaumu mashine.

Haki hiyo ipewe kikundi kidogo cha wasimamizi wa tawi, isipewe mtu mmoja. Mmoja wao akihamishiwa Makamba, unamtoa humo na kazi imekwisha.

Hapa kuwa macho: mwenye orodha anaweza kujiingiza mwenyewe. Kwa hiyo kagua kwanza kikundi kinafungua nini. Vikundi vya wasimamizi wakuu usivigawe kabisa. Hata ukijaribu, saraka huvirudishia haki zake za awali kila dakika 60, na kibali chako kitafutika.

Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Rumonge, uliokuwa mkoa tangu 2015, ukaingia Burunga. Kikundi chenye jina la mkoa wa zamani kibadilishwe jina bila hofu, kwa kuwa haki hufuata namba yake ya utambulisho. Kukihamishia fungu jingine la saraka ni habari nyingine: haki kilizorithi kule kilikotoka hazitakifuata.

Ukaguzi ukiwashwa, seva huandika kila badiliko la kikundi cha usalama cha globali: tukio 4728 mtu ameingizwa, 4729 ametolewa. Kumbukumbu hizo zisomwe Bujumbura kila mwezi, na mtu asiye karani wa tawi.