Kura Sita kwa Nne: Somo la Mageuko ya Viumbe Katika Skuli



Wazazi wengi huuliza: mtoto akifundishwa skuli kwamba viumbe vimegeuka kidogo kidogo, dahari baada ya dahari, mpaka vikawa hivi tuvionavyo, je, tumwache asome au tumkataze? Kabla ya kujibu, natutazame yaliyotokea Marekani, kwani mwenye akili hupata mawaidha kwa ya mwenziwe.

Jimbo la Kansas lina Halmashauri ya Elimu yenye wajumbe kumi wanaochaguliwa na raia. Hiyo ndiyo iwekayo viwango vya masomo, yaani hati ielezayo yapasayo kujulikana na mwanafunzi wa kila darasa. Na mitihani ya jimbo huifuata hati hiyo. Agosti 1999, kwa kura sita kwa nne, sehemu kubwa ya somo la mageuko iliondolewa katika hati. Mwalimu hakukatazwa kulifundisha. Lakini somo lisilotahiniwa, ni nani atakayelishughulikia? Raia wakawatoa baadhi ya wajumbe hao katika uchaguzi wa mwaka 2000, na Februari 2001 somo likarejeshwa. Novemba 2005, sita kwa nne tena, vikapitishwa viwango vya kulitilia shaka, hata maana yenyewe ya sayansi ikabadilishwa. Februari 2007, sita kwa nne kwa upande wa pili, navyo vikafutwa.

Basi mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1999 aliyaona yote hayo kabla ya kumaliza la nane. Na ilhali Kansas i mbali na bahari, miamba yake imejaa mifupa ya samaki na wanyama wa bahari ya kale. Mifupa hiyo haikuongezeka wala haikupungua kwa kura za mtu yeyote. Mambo ya elimu hayaamuliwi kwa kuhesabu mikono.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya Wakristo wa Marekani peke yao. Mwaka 2017 serikali ya Uturuki ilitangaza kuliondoa somo hilo katika mtaala wa skuli za sekondari.

Lakini wanazuoni wetu walikwisha kutuonyesha njia nyingine. Sheikh Husein al-Jisr wa Tarabulusi ya Sham, mwalimu wa Sayyid Rashid Ridha, aliizungumza nadharia hii katika kitabu chake *Ar-Risala al-Hamidiyya*, kilichotoka mwaka 1888. Hakuikubali, kwa kuwa hakuona hoja ya kukata. Hata hivyo alibainisha kuwa lililo faradhi kwa Muislamu ni kuitakidi kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Muumba, ikiwa ameumba kwa mara moja au kwa daraja. Na hoja ya yakini ikithubutu, maandiko yatafutiwa taawili. Hakuikimbia hoja, bali aliipima.

Sasa tujibu. Mtoto na asome, tena asome vizuri. Mtaala wa 8-4-4 hapa Kenya uliliweka somo hili katika biolojia ya Kidato cha Nne. Amwambiaye mwanawe aliruke, amemnyima alama na hakumwongezea imani.

Na ajue mambo mawili. Kwanza, *nadharia* katika sayansi si dhana tupu, bali ni maelezo yanayokusanya ushahidi mwingi. Pili, sayansi haisemi kuwa mtu amezaliwa na kima huyu tumwonaye mwituni. Yasema kuwa wawili hao wana asili moja ya kale. Apingaye lisilosemwa hujidhihaki mwenyewe.

Ama swali la nani aliyeumba, na kwa nini, halipimwi kwa darubini. Hilo ni la chuoni na nyumbani, nasi ndio tutakaoulizwa. Mtoto aliyefichwa jambo hili atakutana nalo siku moja chuo kikuu, peke yake, na huenda akadhani kuwa dini yake haisimami ila kwa ujinga. Hiyo ndiyo khatari ya kuogopwa.