MAGARI YA MBIO: YANATUVUTIA KWA NINI?



Simama Karatina siku ya soko. Magari mia yatapita bila mtu kugeuza shingo. Lakini ipite Subaru Impreza moja na ule mngurumo wake, utaona wauza viazi, makanga na hata wazee wakigeuka. Kwetu nyumbani jambo hili limeleta mzozo. Kaka yangu ameweka akiba ya pesa za kahawa kwa miaka mitatu, na hataki gari jingine ila hilo. Baba, ambaye katika ujana wake aliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Nyeri na Nairobi, anasema, "Hilo ni jeneza lenye redio." Mimi niko katikati yao, ndipo nikaamua kulifanya somo.

1. Mapenzi haya yalianzia wapi?

Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zinaponyesha, na mara nyingi yaliuzunguka Mlima Kenya. Utelezi wa udongo wetu mwekundu mnaujua! Mwaka wa 1963 na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza.

Watu wetu waliona kwa macho yao gari lipi linavumilia. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara 3, na mara ya kwanza, 1965, alitumia Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Shekhar Mehta alishinda mara 5. Mwaka wa 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa 4 akiwa na Impreza, na gari la aina hiyo likashinda 1997 na 2000. Basi mtu akinunua gari kama hilo, hununua pia kumbukumbu.

2. Sifa za gari la kale

Peugeot 504 ilitoka mwaka wa 1968. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, kwa hiyo gurudumu lilishuka shimoni na kupanda bila kumrusha abiria. Ile ya abiria ilikuwa na safu tatu za viti. Injini yake ilikuwa nyepesi kueleweka: fundi wa jua kali aliifungua kwa spana chache chini ya mti, na jioni gari likarudi barabarani. Uzuri wake haukuwa mbio peke yake, bali kufika.

3. Sifa za gari la kisasa

Mji wa Nyeri uko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Kanieneo yake ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini ya kawaida huvuta hewa chache, hivyo huchoma petroli kidogo na kupoteza nguvu. Turbo hutibu ugonjwa huu. Moshi unaotoka huzungusha feni ndogo, nayo feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Isitoshe, injini ya Impreza imelazwa, pistoni zikienda kushoto na kulia, kwa hiyo uzito uko chini na gari halilali sana kwenye kona. Magurudumu yote manne husukuma. Kaka yangu hajapagawa bure!

4. Hesabu isiyosamehe

Tulijifunza katika Fizikia kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Tuseme uko kwenye lami kavu, una breki nzuri, na umechukua sekunde 1 kabla ya kukanyaga.

Kwa kilomita 50 kwa saa: mita 14 za kushtuka na 14 za breki, jumla mita 28.
Kwa kilomita 100 kwa saa: mita 28 za kushtuka na 55 za breki, jumla mita 83.

Kasi imezidishwa mara 2, lakini breki zinahitaji nafasi mara 4. Turbo haibadilishi hesabu hii, wala magurudumu manne kusukuma. Mvua ikinyesha, ni mbaya zaidi.

5. Hukumu

Niliwasomea hesabu hii mezani. Nilidhani baba atacheka kwa ushindi. Alinyamaza, kisha akasema, "Hata ile Peugeot ilikuwa na hesabu hiyo hiyo." Ndipo akatueleza jambo ambalo hatukuwa tumelisikia: siku moja, akishindania abiria na dereva mwenzake kwenye mteremko, alishindwa kusimama. Makanga wake hakurudi nyumbani.

Kaka bado analitaka gari. Lakini sasa kwenye daftari lake ameandika tairi na breki kwanza, ekzosi ya kelele ameifuta. Ngoma ikilia sana hupasuka. Wanaomezea mate mbio wakumbuke kwamba dereva wa Safari hupiga mbio kwenye barabara iliyofungwa, kavaa kofia ngumu, ndani ya vyuma vya kumkinga. Barabara ya Karatina ina watoto wa shule.

Msamiati
Kanieneo: nguvu ya hewa inayogandamiza eneo fulani.
Nishati: uwezo wa kufanya kazi.

Zoezi
1. Kwa nini turbo hufaa zaidi Nyeri kuliko Mombasa?
2. Kokotoa jumla ya mita za kusimama kwa kilomita 75 kwa saa.
3. Jadili: "Baba na kaka wanapenda kitu kimoja."