Mafua Yasiyoisha: Vumbi la Zulia na Fiqhi ya Mwenye Mzio





Katika jamaa zetu za vyuoni hakosekani ndugu au dada anayepiga chafya mfululizo kila anapotoka kwenye sijda. Macho yanamwasha, pua inachuruzika, na mwishowe anaanza kuswalia chumbani. Wenzake husema imani yake imeshuka. Tutazame kwanza kinachomsumbua, kisha wajibu wake, kisha wajibu wetu kwake.

Mzio wa pua ni nini?

Mafua ya kawaida huletwa na virusi, huambukiza, na mara nyingi huisha ndani ya siku kumi. Mzio wa pua hauambukizi na unaweza kudumu miaka. Kinga ya mwili huona kitu kisicho na madhara kuwa ni adui, ikakitengenezea kingamwili ziitwazo IgE. Kitu hicho kikiingia tena puani, seli humwaga histamini. Hapo ndipo huja chafya, muwasho, kamasi nyepesi kama maji na pua kuziba.

Waislamu waliuchunguza ugonjwa huu zamani. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika risala kuhusu mafua yaliyokuwa yakimpata Abu Zayd al-Balkhi kila waridi lilipochanua.

Vizio viko wapi?

Vizio vya hewani ni kama chavua, ukungu, magamba ya ngozi ya paka, mabaki ya mende na utitiri wa vumbi. Utitiri huu ni mdogo kuliko nusu milimita. Hula magamba ya ngozi yanayotudondoka na hupata maji kutoka kwenye unyevu wa hewa, hivyo hustawi katika miji yenye unyevunyevu kama Kampala. Makao yake ni magodoro, mito na mazulia. Kinachosumbua hasa ni kinyesi chake na mabaki ya mwili wake.

Sasa fikiria sijda. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, kwa hiyo pua hugusa zulia mara 34, kabla hatujahesabu sunna.

Wajibu wa mgonjwa

Katika Sahih Muslim, Salama bin al-Akwa' (r.a.) anasimulia kuwa mtu mmoja alipiga chafya, Mtume (s.a.w.) akamwombea rehema. Alipopiga tena, Mtume akaeleza kuwa mtu huyo ana mafua. Hakumkemea, aliitambua hali yake.

Hata hivyo, udhuru wa kuacha jamaa ni ugonjwa wenye mashaka ya kweli, si kila chafya. Basi mgonjwa aanze na tiba. Aende na msala wake uliofuliwa, asimame karibu na dirisha. Ajue kuwa piritoni huleta usingizi darasani. Setirizini kwa wengi huleta usingizi mdogo zaidi. Dawa za kuzibua pua zisitumike zaidi ya siku chache, kwani huweza kuifanya izibe zaidi. Akisikia kifua kinabana au kutoa mlio, aende hospitali, kwa sababu mzio wa pua na pumu huandamana mara nyingi.

Na akiwa amefunga? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa matone na dawa ya kupuliza puani hazibatilishi funga, iwapo mtu atajiepusha kumeza kinachofika kooni. Lakini katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, kinachopitishwa puani kwa makusudi kikafika ndani hufunguza. Njia ya kutoka katika hitilafu ni nyepesi: dawa nyingi za kupuliza za mzio hutumika mara moja kwa siku, basi apulize usiku. Kidonge cha setirizini hufanya kazi karibu saa 24, anaweza kukimeza wakati wa daku.

Wajibu wa jamaa

Miongoni mwa kanuni kuu tano za fiqhi ni ile ya kuondoa madhara. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asikaribie msikiti, kwa sababu harufu yake huwaudhi wengine. Udi ni jambo jema, ila moshi wake huchokoza pua yenye mzio. Basi ufukizwe mapema, madirisha yakiwa wazi. Mazulia yatolewe na kuanikwa jua kali mara kwa mara, na vitambaa vinavyofulika vifuliwe kwa maji ya nyuzijoto 60, ambayo huua utitiri. Kufagia kusifanywe watu wanapoingia, maana ufagio hulirusha vumbi hewani.

Kamati za misikiti ya vyuo zinaweza kuanza wiki hii, kabla ya Ijumaa. Na yule ndugu wa chumbani aulizwe hali yake kabla ya kuulizwa imani yake.

Wabillahi tawfiq.