1.9 au 55? Namna ninavyosoma kipimo cha homoni za kiume

"Pole dada, homoni zako zimepanda mara thelathini." Huyo ni muuza virutubisho mmoja wa hapa Dar, baada ya kumtumia WhatsApp picha za majibu yangu mawili ya testosteroni. La kwanza lilisema 1.9. La pili, kutoka maabara nyingine, 55. Sijajibu, tayari kashatuma bei ya dozi ya "kusawazisha homoni" na namba ya kulipia.

Nilikuwa napimwa kwa sababu ya ndevu za kidevuni na hedhi inayokuja ikijisikia. Daktari alihisi PCOS, ule ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Kwamba na sisi wanawake tunayo testosteroni mnajua, tusonge.

Hatua ya kwanza: kuza picha. Pembeni ya 1.9, kwa wino uliofifia, paliandikwa nmol/L. Pembeni ya 55, ng/dL. Vizio viwili, kitu kilekile. Nanomoli 1 kwa lita ni nanogramu 28.84 kwa desilita. Nikafungua kikokotoo cha simu, 55 gawanya kwa 28.84: 1.907. Nilicheka peke yangu sebuleni. Homoni haijasogea hata kidogo! Nikamtumia hesabu yule bwana. Tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo. Na angeiona maabara inayoandika ng/mL, ambako 55 ileile inasomeka 0.55, nadhani angeniuzia dawa ya homoni zilizokauka.

Kwa hiyo kizio kwanza, namba baadaye, halafu kiwango cha kawaida kilichochapwa na maabara hiyohiyo, safu ya wanawake. Ya mumeo haikuhusu. Wanaume wanahesabu mamia ya ng/dL, na madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huita upungufu pale inaposhuka chini ya 300, tena kwa vipimo viwili vya asubuhi.

Hatua ya pili, nenda asubuhi. Basi.

Hatua ya tatu nilifundishwa na dada wa maabara ya pili. Sirinji iko mkononi, akaniuliza, "Unameza vidonge vya nywele?" Nilivianza baada ya kipimo cha kwanza: biotini, mikrogramu 10,000 kila kimoja, wakati mtu mzima anatosheka na kama 30 kwa siku. Akaiweka sirinji chini. Biotini nyingi huzidanganya baadhi ya mashine, zikatoa testosteroni ya juu ambayo haipo. Akanirudisha nyumbani niviache kwanza. Vile vidonge vinauzwa kila duka la vipodozi, na sijawahi kusikia muuzaji akilitaja hilo.

Hatua ya nne, turudi kwenye ndevu. Kama 55 ni ya kawaida, ndevu zinatoka wapi? Daktari akaagiza SHBG, protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Iliyobebwa ni abiria tu. Inayofika kwenye vinyweleo ni ile iliyo huru. SHBG yangu ilikuwa chini, kwa hiyo jumla ilipendeza huku iliyo huru ikiwa juu. Bima ilikataa kulipia kipimo hicho cha SHBG. Ukiona jumla ni nzuri na dalili zipo, iulizie SHBG mapema, pamoja na bei yake, sampuli ichukuliwe siku hiyohiyo.