Wimbo Unatuomba Tumhurumie Nani?



Somo la robo hii linatokana na swali ambalo kamati za parokia hutuuliza mara kwa mara, hasa zile zenye vikundi vya vijana: tufanye nini na muziki wa siku hizi? Swali hili huja kama malalamiko. Hapa Nyamwaga vijana wanausikia muziki huo tangu asubuhi, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwa kinyozi, ndani ya magari yaendayo Nyamongo, na usiku kwenye simu zao. Walimu wa kwaya wanasema mazoezi yana watu wachache. Wazee wanasema ni kelele tupu, na kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na mafundisho.

Sisi tunapendekeza kamati zianzie mahali pengine. Kabla ya kuuliza kama wimbo ni wa zamani au wa kisasa, wa dini au wa dunia, tuulize hivi: wimbo huu unatuomba tumhurumie nani? Na kama unatuchekesha, tunamcheka nani? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kuwashangaza wanakamati wengi, kama yalivyotushangaza sisi tulipoyafanyia kazi.

Tuchukue mfano ambao wazazi wengi wa leo waliukuta wakiwa vijana. Mwaka 2004 msanii Ferooz, aliyetokea kundi la Daz Nundaz la Dar es Salaam, alitoa wimbo uitwao "Starehe" akishirikiana na Professor Jay. Anayezungumza ndani ya wimbo huo ni mgonjwa wa UKIMWI mwenyewe. Anasimulia maisha yake ya anasa yalivyokuwa, na yalivyomfikisha kwenye ugonjwa.  Anaongea mwenyewe, na sisi tunakaa naye mpaka amalize.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo familia nyingi zilijua ugonjwa huu kwa mazishi tu. Mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma. Alitengewa sahani na kikombe. Mpango wa serikali wa kutoa dawa za ARV bure ulianza mwaka huohuo wa 2004, na huku vijijini ulichukua muda kufika. Katika hali hiyo, kijana aliyeusikiliza wimbo ule kwenye redio alikuwa amekaa dakika kadhaa na mtu ambaye pengine nyumbani kwao asingeruhusiwa kukaa naye. Makanisa yetu wakati ule yalihubiri sana juu ya UKIMWI, lakini ni mara chache mgonjwa alipewa nafasi ya kusema mwenyewe mbele ya watu.

Tunaliita jambo hili kina cha kimaadili. Wimbo haukumwambia msikilizaji kwamba yeye ni mwema kuliko mgonjwa. Ulimwazima macho ya mgonjwa, kisha ukamwacha ajitazame.

Wasomaji wa Biblia wanaifahamu njia hii. Katika Samweli wa Pili, sura ya 12, nabii Nathani hakumwendea Daudi na orodha ya makosa. Alimpa hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja aliyemlea nyumbani. Daudi alikasirika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. (Hapa kwetu, ambako wizi wa mifugo umeliza familia nyingi, hadithi hiyo haihitaji maelezo marefu.) Kama Nathani angeanza na kemeo, huenda mlango ungefungwa.

Hata hivyo tusiupokee wimbo wowote bila kuupima. "Starehe", kama nyimbo nyingi za miaka ile, uliuunganisha ugonjwa na anasa. Mama wa nyumbani aliyeambukizwa na mumewe hakuwa na wimbo wake, wala mtoto aliyezaliwa na virusi. Huruma ilimfikia mwanamume aliyeponda maisha, ikamruka mwanamke aliyebaki nyumbani akilima. Tena vijana wakiusikiliza leo waelezwe wazi kwamba hali imebadilika: mtu mwenye VVU anayetumia dawa vizuri huishi na kufanya kazi, na virusi vikishafubazwa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Wimbo wa mwaka 2004 usitumike kuwatisha watu wa leo wasiende kupima.

Kabla ya Ferooz walikuwepo wengine. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947 na kuja Tanzania mwaka 1978, aliimba juu ya maskini na juu ya kifo kwa namna ambayo watu walicheza huku wakitafakari. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi" ulizungumzia kondomu wakati ambapo neno lenyewe lilikuwa aibu, na redio ya taifa haikukubali kuupiga. Makanisa nayo hayakuupenda, na tunaelewa sababu. Lakini mtu huyohuyo, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki Desemba 2010, aliokoka na kuimba nyimbo za Injili. Wanaopita Sinza jijini Dar es Salaam bado hushuka kituo kinachoitwa kwa Remmy. Sisi tunaamini masikio yaliyosikia kilio cha maskini kwenye dansi ndiyo yaleyale aliyoingia nayo kanisani.

Ng'ambo ya ziwa, Philly Lutaaya wa Uganda alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alikuwa akiishi Sweden. Akarudi nyumbani, akazunguka mashuleni na makanisani akizungumza na kuimba juu ya upweke na hofu ya mgonjwa. Desemba mwaka huohuo akafariki. Wapo walioona kwamba anadanganya ili auze nyimbo.

Tumesema pia juu ya kicheko. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu, hata yasiyowezekana, huku umati ukimwitikia. Mara ya kwanza unamcheka mgombea. Mara ya pili unaanza kuusikia umati, na unatambua sauti yako. Tunaupendekeza wimbo huo kwa kamati zetu kwa sababu moja ambayo wafadhili watatusamehe kuitaja: katika vikao vingi, mgeni anapokuja kukagua mradi, sisi sote huitikia vivyo hivyo. Kisima kinafanya kazi? Ndiyo. Kamati inakutana? Ndiyo. Mwandishi wa wimbo ule, Joseph Haule, baadaye aligombea ubunge mwenyewe na kuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Bila shaka aliukumbuka wimbo wake akiwa jukwaani.

Sasa tugeukie upande ambao ni mgumu zaidi kwetu, kwa sababu ni wa nyumbani.

Wilaya za Tarime na Serengeti zina msimu wa tohara, zaidi katika mwezi wa Desemba wa miaka inayogawanyika kwa mbili. Msimu huo una nyimbo zake, na nyimbo hizo zina nguvu kuliko redio yoyote. Watu huimba njiani wakiwasindikiza watoto, wanacheza, wanatoa zawadi. Mtu akizisikia kutoka mbali huona ni furaha tupu ya ukoo. Lakini tukiuliza swali letu, wimbo huu unamcheka nani, jibu linauma. Binti asiyekeketwa huitwa msagane. Jina hilo ni dharau, na likitiwa ndani ya wimbo na kuitikiwa na mtaa mzima, mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kulibeba peke yake. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na vifungo vyake ni vya miaka mitano hadi kumi na mitano. Hata hivyo wapo wasichana wanaokwenda kwa ngariba bila kuburutwa na mtu, kwa sababu wanataka tu kuacha kuimbwa.

Wengine wanakimbia. Kituo cha Masanga hapa Tarime, na nyumba salama ya Mugumu upande wa Serengeti, zimewapokea mabinti wengi katika misimu iliyopita. Kamati zetu zimejifunza kuchangia mahindi, sabuni na madaftari, na tunashukuru. Lakini Januari shule zikifunguliwa binti anarudi, na wimbo bado uko pale pale, kisimani, njiani, wakati mwingine mdomoni mwa wanakwaya wenzake.

Ndiyo maana hatukubaliani na usemi kwamba nyimbo za zamani zina maadili na za kisasa hazina. Tunaipenda iritungu. Sauti yake nzito ni urithi wetu, na wapigaji wake wamehifadhi habari za koo na mifugo ambazo hazikuandikwa popote. Na wala hatuitetei Bongo Fleva yote. Ziko nyimbo nyingi ambazo mwanamke ndani yake ni mali ya kujisifia. Baraza la Sanaa la Taifa lilifungia baadhi ya nyimbo mwaka 2018, ukiwemo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Kufungia ni kazi ya serikali. Kazi ya parokia ni kufundisha masikio, nayo haifanywi kwa barua.

Nyimbo zetu za kanisani nazo zipitie kipimo hicho. Nyingi tunazoimba siku hizi ni za shukrani na ushindi: nimetoka kwenye shida, adui ameaibika. Ni njema. Lakini aliye bado katikati ya shida aimbe nini? Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani bila neno la shukrani, na bado ni maombi, na bado imo katika Biblia. Kwaya ngapi za jimbo letu zimewahi kuiimba?

Kwa kamati zitakazotumia somo hili na vijana, tunashauri wimbo mmoja tu kwa kikao kimoja. Upigwe mara mbili. Mara ya kwanza watu wasikilize kimya, wazee wakiwemo, na asiwepo anayetangulia kutoa fundisho. Mara ya pili kiongozi aulize: nani anazungumza hapa? Tunamwonea huruma nani? Nani ametajwa lakini hakupewa nafasi ya kusema? Kisha vijana watunge ubeti wa huyo aliyenyimwa nafasi. Kama ni "Starehe", watunge ubeti wa mama aliyebaki nyumbani. Wasichana wapewe nafasi ya kuongea kwanza, maana wavulana wakianza, kikao huwa chao.

Na kama katika kijiji chenu yupo mzee mpiga iritungu aliye tayari, mwombeni asikilize kikao hicho kabla hamjamwomba lingine. Baadaye mwombeni atunge wimbo wa kumpokea binti anayerudi nyumbani Januari, wenye jina lake halisi na jina la ukoo wake. Ombi hilo lipelekwe mapema, kabla ya Novemba, maana maandalizi ya msimu yakishaanza ni vigumu mzee kukubali. Gharama ni spika ndogo ya kuchaji, chai, na nauli ya mzee. Kamati zitakazohitaji msaada wa spika ziandike katika taarifa yao ya robo ijayo, na zieleze pia, kwa ukweli, ni wazee wangapi waliokataa na walitoa sababu gani.